Shajara ya mradi: kufuatilia kina cha maji ya ardhini Makutupora, msimu wa 2023/24

9 Oktoba 2023

Kazi imeanza rasmi. Lengo lake ni kuunganisha vipimo vya zamani vya kina cha maji katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, na vipimo vipya vinavyochukuliwa kwa vifaa vya kujirekodi, ili mfululizo ulioanza miaka ya 1950 uendelee bila pengo. Kwa miongo mingi bonde hili limekuwa chanzo kikuu cha maji ya Dodoma. Maji yake hayako katika mto wala ziwa lililofichika, kama wengi wanavyodhani, bali yamo katika vinyweleo na nyufa za mwamba wa graniti uliooza na kupasuka, ndani ya bonde lililokatwa na mipasuko ya ardhi ya Bonde la Ufa, na juu yake limetandazwa tabaka la udongo mweusi wa mbuga.

Katika nchi za tropiki ni mahali pachache mno ambapo kina cha maji ya ardhini kimepimwa kwa muda mrefu hivi. Mwaka 2013 Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London cha UCL, pamoja na wenzake, wakiwamo Watanzania kama Lister Kongola, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa vipimo vya miaka 55 kutoka hapa. Ulionyesha kwamba maji hushuka polepole kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha hupanda ghafla katika msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na kwamba misimu hiyo mara nyingi huambatana na El Nino na hali ya joto ya Bahari ya Hindi. Msimu wa 1997/98 ndio ulioinua maji kupita mingine yote katika kumbukumbu hizo.

Kila anayesoma shajara hii namwomba alishike jambo hilo tangu mwanzo. Mvua ya kawaida ya kila mwaka haiijazi Makutupora. Huijaza miaka michache mikubwa, na kwa hiyo swali la kama tunachota kwa kiasi haliwezi kujibiwa kwa hesabu ya mwaka mmoja. Linajibiwa kwa vipimo vya miongo, na vipimo vya miongo vinahitaji mtu wa kufika kisimani hata katika miaka ambayo hakuna anayeuliza.

17 Oktoba 2023

Tumezipitia fomu za zamani. Karatasi zimekuwa za kahawia na kingo zinapukutika, lakini mwandiko wa wasomaji wa vipimo wa miaka hiyo ni safi, na tarehe zimeandikwa kwa uangalifu ambao ningependa kuuona katika faili zetu za kompyuta. Vipimo vya awali viko katika futi na inchi, vya baadaye katika mita. Kijana wangu wa maabara alitaka kuandika upya kila kitu moja kwa moja katika mita. Nimemwelekeza aingize kwanza tarakimu kama zilivyo, kisha ageuze katika safu nyingine, kwa sababu atakayekuja baada yetu lazima aweze kurudi kwenye kile kilichoandikwa kisimani siku ile, na si kwenye tafsiri yetu.

Tatizo kubwa zaidi ni sehemu ya kuanzia kupima. Kina hupimwa kutoka mdomo wa bomba la kisima, na mabomba hayadumu yakiwa vilevile: moja limekatwa kwa sababu lilipinda, lingine limeongezwa urefu ili mafuriko yasiingie, jingine limejengewa sakafu ya zege. Mdomo ukiinuliwa nusu mita na mtu asiandike, kwenye grafu itaonekana maji yameshuka nusu mita usiku mmoja. Katika nchi ambayo mwamba wake hutunza maji kidogo sana katika kila mita, nusu mita hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya mwaka mzuri na mwaka mbaya. Tumeamua kupima upya mwinuko wa kila mdomo kwa vifaa vya upimaji ardhi na kutia alama ya rangi mahali utepe unapowekwa.

26 Oktoba 2023

Tumefika kwa mzee mmoja aliyekuwa msomaji wa vipimo hapa kabla ya kustaafu. Tulimwamkia, akatukaribisha chini ya mwembe, na kabla hatujamaliza kueleza tunachotaka alikuwa ameanza kutaja visima kimoja kimoja kwa majina ambayo hayamo katika ramani yoyote. Alitueleza ni kipi kilifukiwa, kipi kilihamishiwa pampu na kuacha kuwa kisima cha uangalizi, yaani cha kupimia tu, na kipi kilipewa namba ya jirani yake baada ya ukarabati. Hilo la mwisho limetufungulia fumbo. Katika kumbukumbu kulikuwa na mruko ambao tulikuwa tunauhesabu kuwa ni wa mwamba, kumbe ni namba mbili zilizobadilishana.

Aliniuliza, “Mama, hivi vipimo vyetu vilisaidia kitu?” Nilimweleza kwamba karatasi za watu wa kazi yake zimesomwa na wataalamu wa maji duniani kote, na kwamba hoja ya kuwa mvua kubwa za nadra ndizo zinazolisha maji ya ardhini katika nchi kavu ilisimama juu yake. Nimeandika hapa ili isomeke: katika ripoti ya mradi huu wasomaji wa vipimo watatajwa kama kundi katika ukurasa wa mbele, wala si katika shukrani za nyuma.

8 Novemba 2023

Vifaa vya kujirekodi vimewekwa. Kila kimoja ni bomba dogo la chuma linaloning'inia ndani ya maji na kupima mgandamizo kila saa. Kifaa cha aina hii hupima uzito wa maji yaliyo juu yake pamoja na uzito wa hewa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa peke yake hapa inakandamiza sawa na safu ya maji ya takriban mita 9. Hivyo lazima kuwe na kifaa kingine cha kupima hewa ili tutoe hesabu yake. Na hewa haitulii. Katika tropiki mgandamizo wake hupanda na kushuka mara mbili kila siku, ukifikia kilele karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, kwa tofauti inayolingana na sentimita mbili tatu za maji. Mtu asiyelijua hilo ataona maji yake yakipumua kila siku na kuandika makala juu ya jambo ambalo halimo ardhini.

Pamoja na vifaa hivyo, utepe wa mkono haujaachwa. Kila wiki mtu atafika, atashusha utepe wenye ncha inayolia inapogusa maji, ataandika kina kwenye fomu ya karatasi, na namba hiyo ndiyo itakayokihukumu kifaa. Mashine hufa kimyakimya ndani ya kisima, na betri ikiisha mwezi wa pili utalijua hilo mwezi wa sita.

15 Novemba 2023

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitabiri mvua za El Nino tangu Agosti, na Bahari ya Hindi nayo iko katika hali chanya ya dipoli, maana yake upande wa magharibi, huu wa kwetu, una joto kuliko kawaida na unatupa unyevu mwingi. Mambo hayo mawili yakikutana ndipo rekodi yetu inapokuwa na historia ya kupanda. Tumeharakisha kila kitu kwa sababu hiyo. Msimu wa aina hii ukipita bila kupimwa, haurudi kwa kuombwa.

4 Desemba 2023

Jana maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yameangukia Katesh, mkoa jirani wa Manyara, na watu wengi wamepoteza maisha. Tumekaa kimya ofisini asubuhi. Ni mvua hiyohiyo tuliyoisubiri kwa matumaini, na sitaki shajara hii ionekane kana kwamba mvua kubwa ni habari njema tu. Kazi imesimama leo.

28 Desemba 2023

Korongo la Kinyasungwe Mdogo, linalopita katika bonde hili, limeteremsha maji. Kwa sehemu kubwa ya mwaka hili ni mchanga mtupu ambao watu hufukua kutafuta maji na ng'ombe hupita. Sasa ni mto wa rangi ya matofali, na njia yetu ya kawaida imefungwa.

Inafaa nieleze kwa nini tunalitazama korongo hili kuliko tunavyolitazama shamba lililo kando yake. Dodoma hupata kwa wastani milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, na jua lake lina uwezo wa kukausha mara kadhaa ya kiasi hicho. Mvua ya kawaida inapoanguka juu ya ardhi iliyokauka kwa miezi saba, udongo huinywa, mizizi huinywa, na kinachobaki hupanda tena hewani. Udongo mweusi wa mbuga, uliokuwa na nyufa za kuingiza mkono, huvimba na kujifunga. Njia iliyobaki wazi ni mchanga wa makorongo. Mvua zikinyesha kwa nguvu siku kadhaa mfululizo, mito hii ya msimu hutiririka, na maji huzama kupitia sakafu yake ya mchanga hadi kwenye mwamba uliopasuka. Utafiti uliofanywa hapa chini ya GroFutures, mradi wa kuchunguza maji ya ardhini Afrika, ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilishiriki, ulionyesha wazi kwamba uvujaji huo wa korongo ndio mlango mkuu.

Athari zake kwa usimamizi ni nzito. Anayelima ndani ya korongo, anayechota mchanga wake kwa malori kwenda kujengea mji, au anayelijaza kifusi ili apate kiwanja, anagusa mlango wa maji ya jiji zima, hata kama yuko mbali na uzio wa visima.

19 Januari 2024

Vipimo vya mkono na vya vifaa vinakubaliana. Katika visima vilivyo karibu na korongo maji yanapanda. Katika vile vya pembezoni, upande wa miinuko, grafu imelala. Nimemwambia kijana asiwe na haraka ya kuchora wastani wa bonde zima. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Tumechukua pia sampuli za mvua, za korongo na za visima kwa ajili ya isotopu za oksijeni na haidrojeni. Molekuli za maji hazina uzito mmoja. Zipo chache zilizo nzito, na mvua kubwa za mfululizo huwa na nzito chache kuliko manyunyu. Maji ya ardhini hubeba alama ya mvua iliyoyazaa. Katika sehemu nyingi za tropiki zilizochunguzwa, alama hiyo hulingana zaidi na mvua kubwa kuliko na mvua za kila siku, na ni ushahidi unaosimama bila kutegemea grafu za vina. Chupa zimejazwa hadi mdomoni bila kuacha hewa na kufungwa kwa utepe, kwa sababu maji yakivukiza ndani ya chupa alama hupotea.

6 Februari 2024

Umeme ulikatika usiku kucha, pampu zote zikasimama, na vifaa vyetu vilirekodi jinsi maji yalivyopanda kurudi kwenye utulivu wake. Kwa wahudumu wa maji ulikuwa usiku mgumu na mitaa ilikosa huduma. Kwetu ulikuwa jaribio ambalo kwa kawaida tungelazimika kuomba kibali cha wiki nyingi ili kulifanya.

Charles Theis, Mmarekani, ndiye aliyetoa mwaka 1935 hesabu ya jinsi maji yanavyoshuka kuzunguka kisima kinachopigwa pampu kadiri muda unavyopita, na bado tunaitumia. Baadaye alieleza jambo ambalo naona linasahauliwa zaidi kuliko hesabu zake, kwamba kila lita inayopampwa hutoka mahali: kwanza hutoka katika akiba iliyopo, kisha hupunguza maji yaliyokuwa yakitoka kwenye chemchemi na mabwawa, au huvuta maji mapya yaingie. Ndiyo maana nasita kila ninapoulizwa “kiwango salama cha kuchota” kama namba moja ya kuandikwa kwenye kibali na kusahauliwa. Kiwango hicho hubadilika kulingana na mahali pampu zilipo, mpangilio wake, na miaka iliyopita tangu msimu mkubwa wa mwisho.

21 Machi 2024

Katika Wiki ya Maji wanafunzi wa sekondari waliletwa kuona visima. Tuliwafungulia kisima kimoja cha uangalizi, kila mmoja akashusha utepe na kusikia mlio. Msichana mmoja aliniuliza mtu anafikaje kwenye kazi hii na kama ina maisha. Nilimjibu kwa kirefu, na nayaandika majibu yangu hapa kwa sababu yanahusu mradi pia.

Nilianza kama fundi sanifu, nikitoka chuo cha Rwegarulila pale Ubungo, ambacho leo ni Chuo cha Maji. Ilikuwa miaka ya ukame wa 1997, Ruvu ilipopungua na visima virefu vikachimbwa kwa wingi Dar es Salaam, vingi bila kumbukumbu ya maana ya udongo uliotoboka. Mwaka huohuo ulifunga kwa El Nino, kwa hiyo ndani ya miezi michache niliona nchi ikilia kwa kukosa maji na kisha kwa kuzidiwa nayo. Baadaye visima kadhaa vya karibu na pwani vilianza kuwa na chumvi, kwa kuwa maji matamu yakipampwa kupita kiasi bahari huingia kuchukua nafasi yake. Singida nilijifunza kwamba maji yanaweza kuwa mengi na safi machoni na bado yakaharibu meno na mifupa ya watoto kwa madini ya floridi, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam, nilishiriki kusoma vipande vya mchanga kutoka visima vyenye kina cha mamia ya mita, kazi ya usiku na mchana ambayo mtu hufurahia akiwa kijana.

Nilimwambia asome hisabati na kemia kwa bidii, ajifunze jiolojia, na asidharau kuandika. Nilimwambia pia kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni uvumilivu wa kupima kitu kisichoonekana kinachobadilika polepole, na kwamba katika Afrika bado wako wachache mno wanaoifanya. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Alan MacDonald wa Shirika la Jiolojia la nchi hiyo, walikadiria kwamba chini ya bara hili kuna takriban kilomita za ujazo 660,000 za maji, zaidi ya mara 100 ya maji baridi yanayopatikana upya kwa mwaka. Namba hiyo ilishangiliwa sana. Wao wenyewe walionya kwamba si maji yote hayo yanayoweza kuchotwa, na sehemu kubwa iko chini ya majangwa ya kaskazini, mbali na watu wengi. Setilaiti za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002 kupima mabadiliko ya uvutano wa dunia, na zile zilizozirithi mwaka 2018, zinaweza kuonyesha akiba ya eneo la mamia ya kilomita ikipungua au kuongezeka. Haziwezi kumwambia mhandisi wa Dodoma kama azime pampu moja au mbili. Kwa hilo anahitajika mtu mwenye utepe.

11 Aprili 2024

Tumetembelea wakulima wa zabibu wenye visima vyao. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka matumizi ya namna hii yawe na kibali cha bodi ya bonde, nasi tumo katika Bonde la Wami/Ruvu. Baadhi yao wana vibali, wengine hawana, na wengi hawajawahi kuulizwa wanachota kiasi gani.

Bibi mmoja mwenye shamba la ekari chache alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, mnakuja kuniuliza mimi na hii pampu yangu ndogo. Mji unaokua pale kila siku mmeuuliza?” Swali lake ni la haki na nililijibu kwa namba. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma mjini ikiwa na watu 410,956. Ile ya 2022 ilikuta 765,179. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini ni tangu 2016, Serikali ilipohama kwa vitendo, ambapo mahitaji yamepanda kwa kasi isiyowahi kuonekana, na uchotaji Makutupora, ambao tayari ulikuwa umeongezeka mara kadhaa tangu 1990, umebeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Kwa hiyo ndiyo, mji umeulizwa, na jibu lake limo katika grafu. Alikubali tuweke alama kwenye kisima chake na kukipima mara moja kwa mwezi, kwa sharti kwamba tumwambie namba kila tukipima. Sharti hilo ni jema kuliko fomu zetu zote za ushirikishwaji.

Upande wa ubora, tumepima naitreti katika visima vilivyo karibu na makazi mapya. Hudson Nkotagu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alionyesha tangu 1996 kwamba naitreti nyingi katika maji ya ardhini ya Dodoma ina uhusiano na vinyesi kutoka vyoo na mifumo ya majitaka. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Nyumba sasa zinajengwa kwa kasi kandokando ya barabara ya Arusha, kuelekea Veyula na Makutupora yenyewe, na karibu zote zinatumia mashimo. Mwamba uliopasuka hausafishi maji kama mchanga mnene unavyosafisha. Kinachoingia kwenye ufa hufika mbali. Endapo eneo la visima litapimwa viwanja kabla ya kupata mtandao wa majitaka, msimu wowote wa mvua kubwa utakaotujazia maji utatuingizia na hayo mengine.

23 Mei 2024

Mvua zimekwisha, korongo limekauka, na sasa tunaweza kukokotoa. Njia ni rahisi kueleza: kimo ambacho maji yamepanda huzidishwa kwa sehemu ya mwamba inayoweza kuachia maji. Kwa mfano, ikiwa katika kila mita ya ujazo ya mwamba ni asilimia 6 tu inayoachia maji, basi maji yakipanda mita moja, kilichoingia ni sawa na milimita 60 za maji juu ya eneo lote lililopanda, yaani mita za ujazo 60,000 kwa kila kilomita ya mraba. Lakini wakati maji yakipanda pampu hazikulala, kwa hiyo kilichochotwa katika miezi hiyo lazima kirudishwe kwenye hesabu. Na ile asilimia haifanani kila mahali. Ikiwa ni 3 badala ya 6, jibu linakuwa nusu. Kwa sababu hiyo nimekataa kutoa namba moja kwa walioiomba kwa simu. Tutatoa kiwango cha chini na cha juu, na dhana zake zote zikiwa wazi.

Kinachoweza kusemwa sasa bila wasiwasi ni hiki: msimu huu uliingiza maji ardhini, hasa kandokando ya korongo, na mteremko wa miaka iliyotangulia umesimama katika visima hivyo. Visima vya pembezoni havikufaidika kwa kiasi hicho. Wapo waliofurahi na kusema sasa tunaweza kuongeza visima. Mimi nasoma grafu ileile na kuona ghala la nafaka lililopata mavuno ya mwaka mmoja mwema. Wagogo wenye ardhi hii, waliozoea njaa za ukame, wanajua kwamba mavuno ya aina hiyo si ya kuongezea walaji, ni ya kugawa kwa miaka ya mbele.

Naunga mkono vyanzo vingine vinavyopangwa, Bwawa la Farkwa wilayani Chemba na mpango wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria, kwa sharti kwamba vikifika visiwe sababu ya kuisahau Makutupora. Busara ingekuwa kutumia maji ya juu ya ardhi katika miaka ya mvua na kupumzisha visima, ili visima vibebe jiji katika miaka ya ukame, wakati bwawa lolote la nchi hii kavu litakuwa limepungua kwa jua na tope. Bwawa la Hombolo, lililojengwa miaka ya 1950 chini ya mkondo huuhuu, ni mfano ulio karibu: kina chake kimepungua kwa tope na maji yake yana chumvi.

14 Juni 2024

Tumekabidhi kwa bodi ya bonde na kwa mamlaka ya maji ya jiji jedwali lililounganishwa, kuanzia fomu za futi na inchi hadi vipimo vya saa kwa saa vya msimu huu, pamoja na picha ya kila karatasi ya zamani na maelezo ya kila bomba lililokatwa au kuongezwa. Tumependekeza mambo matatu. La kwanza, eneo la hifadhi lifuate korongo hadi juu, lisiishie kwenye uzio wa visima. La pili, vibali vya kuchota vipitiwe kila baada ya miaka michache kulingana na kina cha maji, badala ya kutolewa mara moja kwa namba isiyobadilika. La tatu, uchimbaji wa mchanga katika Kinyasungwe Mdogo usimamishwe kwenye sehemu zinazovujisha maji, na sehemu hizo tumezichora.

Mjadala mrefu ulikuwa juu ya jambo dogo kwa fedha. Vifaa vilinunuliwa na mradi, na mradi unaisha Septemba. Posho ya msomaji wa vipimo na mafuta ya pikipiki yake haimo katika bajeti ya mtu yeyote kuanzia Oktoba. Nimeshikilia kwamba kifungu hicho kiingie katika bajeti ya kawaida, kwa jina lake, kisitegemee wafadhili, kwa kuwa rekodi nyingi za Afrika zilikatika kwa namna hiyohiyo: mradi uliondoka, na kisima kikabaki bila mtu wa kukipima. Kikao kimekubali kulipeleka ombi ngazi ya juu, na jibu linatarajiwa kabla ya Agosti. Kijana wangu wa maabara amejitolea kusimamia ratiba ya usomaji wa kila wiki katika kipindi hicho, na yule mzee mstaafu amekubali kumfundisha msomaji mpya kutoka kijiji cha jirani, kuanzia Jumatatu.